Mahali Anapotaka Bibi Harusi

Ukitaka kumkasirisha Yunis Magembe, mwombe aseme "barabara". Mwombe huku unatabasamu, kichwa umekiinamisha upande, kana kwamba unamwomba mtoto akuoneshe jino lililong'oka. Halafu kaa mbali, maana mdomo wake ukishafunguka utatafuta pa kujificha.

Hakuzaliwa na hasira hizo. Alipewa, na waliompa wanajulikana. Baba yake, mzee Magembe, alihama na ng'ombe wake kutoka Usukumani akaja akaweka boma Dutumi, huko Kibaha vijijini, kabla Yunis hajazaliwa. Nyumbani walisema Kisukuma, na Kisukuma hakina habari na r. Ulimi wa mtoto ukazoea l, basi. Siku ya kwanza shuleni mwalimu akamwuliza anakaa wapi, naye akajibu kwa adabu zake zote kwamba anakaa ng'ambo ya balabala. Darasa zima likaanguka. Mwalimu naye, mtu mzima na chaki mkononi, akacheka mpaka akashika meza. Akamwambia arudie. Akarudia. Wakacheka upya, na tangu hapo hadi anamaliza darasa la saba jina lake likawa Balabala. Mtoto wa watu ana jina zuri, amepewa kanisani na maji ya ubatizo juu, wao wanamwita Balabala!

Mwingine angenyamaza maisha yake yote. Yunis akaamua kwamba kama ulimi umemshinda, mkono hautamshinda. Aliazima kamusi ya shule akajifunza kila neno lenye r na kila neno lenye l, moja moja, kama baba yake anavyomjua kila ng'ombe kwa rangi na pembe zake. Kura si kula. Bara si bala. Mbari si mbali. Alipofika kidato cha nne hapakuwa na mtu wa kumkamata na kosa hilo kwenye daftari. Akisema, hasa akishapandwa na hasira, ulimi bado ulimtoroka. Akiandika, hata umkurupushe usingizini, herufi zilikaa pale zinapotakiwa.

Ndiyo maana akaipenda kompyuta. Kompyuta haisikii lafudhi. Ukiiandikia sawa inakuitikia, ukikosea inakataa, na haikuchekei wala haikwambii urudie mbele za watu. Alisoma chuo, akajua kutengeneza kurasa za mtandaoni na zile skripti zinazozifanya zifanye kazi, kwamba ukibonyeza hapa kitu kiende kule. Akapata nafasi katika ofisi ndogo pale Kibaha Maili Moja, chumba kimoja juu ya duka la vifaa vya ujenzi, ambako ukitaka kuongea na simu inabidi usubiri fundi wa chini amalize kukata vyuma.

Ofisi ilikuwa ya Abdulaziz, mtu wa manukato na maneno, aliyejua kuwatafuta wateja kuanzia viwanda vya Zegereni mpaka shule za chekechea. Kompyuta yenyewe alijua kuiwasha. Yunis aliandika skripti. Rangi, picha na maneno vilikuwa vya Mwamvita, binti wa Mlandizi, wa familia ya wakulima waliokaa pale tangu mababu. Yunis na Mwamvita walipatana. Mmoja Msukuma, mwingine Mzaramo, watani kwa kuzaliwa, na waliutumia utani wao ipasavyo.

"Umeamka, mjukuu wangu mchunga ng'ombe?" Mwamvita husema akiingia asubuhi.

"Nimeamka, mcheza mdundiko. Wewe umelala saa ngapi?"

Ila kulikuwa na jambo moja ambalo Mwamvita hakulifanyia utani hata siku moja: r na l. Mteja akicheka matamshi ya Yunis, Mwamvita ndiye aliyemkata jicho na kumwambia, "Umekuja kununua ukurasa au kufundisha watu kusoma?" Kwa ajili hiyo Yunis alimpenda kama ndugu wa tumbo moja. Alisema hadharani kwamba Kibaha nzima ana mtu mmoja tu asiyemsikiliza kwa masikio ya kuchekea, naye ni Mwamvita.

Sasa ikaja kazi ya Mzenga. Mzenga iko Kisarawe, unaingia kwa Mlandizi unakwenda ndani mashambani. Kulikuwa na masheikh wafungishaji ndoa, kiongozi wao Sheikh Mfaume, mzee mcheshi wa Kizaramo mwenye miwani mizito. Walikuwa wamechoshwa na wajomba. Siku ya ndoa, wajomba ndio wanaotaja mahari, wajomba ndio wanaoipandisha na kuishusha, na bibi harusi anaisikia dirishani kama jirani. Wakati dini inasema mahari ni haki yake mwenyewe, aitaje kwa kinywa chake! Sheikh Mfaume akataka ukurasa ambao binti ataufungua kwenye simu yake, aandike jina, tarehe ya ndoa, saa, na mahari anayoitaka, abonyeze kitufe, na ujumbe uende moja kwa moja kwa sheikh bila kupita kwa mtu.

Yunis aliifanya kazi hiyo kwa moyo. Alijua kusemewa kukoje. Isitoshe, Abdulaziz alikuwa amemwambia wazi, "Wewe bado uko kwenye majaribio. Mzenga ikienda vizuri nakupa mkataba wa kudumu. Ikiharibika, tutaagana." Na kuagana kwake kulikuwa na maana moja: kurudi Dutumi, kukaa bomani, na kuwasikia waliosoma naye wakiulizana Balabala kaishia wapi. Aliijaribu skripti kwenye simu yake, ikaenda. Akaijaribu kwenye simu ya bosi, ikaenda. Bosi akasema, "Safi." Akafunga kompyuta akaenda zake kulala na moyo mweupe.

Kesho yake yeye na bosi wakaenda Mzenga. Mwamvita alikuwa Zegereni akipiga picha za kiwanda. Darasa la madrasa lilikuwa limejaa, wazee kwenye mikeka mbele, akina mama nyuma, na binti mmoja aitwaye Salama, mchumba wa mtu, amekaa na simu mkononi tayari kuwa wa kwanza kujaribu. Projekta ikawashwa, ukurasa ukatokea ukutani. Sheikh Mfaume akavaa miwani akasoma kwa sauti ya mimbarini.

"Jina la bibi harusi. Tarehe ya ndoa. Saa ya ndoa. Mahali anapotaka bibi harusi."

Akasoma tena kimoyomoyo, midomo ikicheza.

"Anapotaka nini?" akauliza mzee mmoja.

"Hapo ndipo mimi mwenyewe nimekwama," sheikh akasema. "Bibi harusi anataka wapi, jamani?"

Loo! Darasa liliwaka. Akina mama kule nyuma wakajiziba kanga usoni, mabega yakaruka. Kuna aliyesema labda ni mahali pa fungate, kuna aliyesema mambo hayo hayaulizwi kwenye mtandao. Salama maskini, uso umemwiva kwa haya, akaandika alichoweza akabonyeza kitufe. Kimya. Akabonyeza tena. Kimya. Kitufe kimekufa kabisa.

Yunis alisimama. "Hapana, mimi sikuandika hivyo," akasema, lakini nani wa kumsikia? Na Abdulaziz alikuwa ameshavaa lile tabasamu lake la wateja.

"Masheikh zangu, mtuwie radhi," akasema. "Binti yetu huyu ni wa kanda ya ziwa. Wenzetu hawa na r na l, mnawajua wenyewe."

"Aaa! Msukuma!" Sheikh Mfaume akapiga paja. "Mtani wangu! Basi nimeelewa. Binti, sisi tuna mahari, wewe unatutafutia mahali!"

Wakacheka wote, na bosi akacheka nao, tena yeye kwa sauti kubwa kuliko mtani mwenyewe. Utani Yunis anaujua. Mtani anakucheka na wewe unamcheka, tena mkiachana amekubebea mzigo. Abdulaziz si mtani wa mtu. Alikuwa anajikosha kwa mgongo wa mfanyakazi wake. Halafu akaongeza, "Kesho tunarudi na ukurasa ulionyooka. Na aliyetuaibisha hivi nitamwondoa, nawaahidi mbele ya hadhara hii." Alisema hivyo Yunis akiwa amesimama kando yake, mkono bado umeshika waya wa projekta.

Njia nzima kurudi bosi ndiye aliyesema, simu sikioni, akimhadithia rafiki yake habari ya bibi harusi anayetaka mahali. Walipofika Maili Moja akamgeukia. "Rekebisha hiyo kitu. Kesho atawasilisha Mwamvita. Wewe utakuja kubeba kompyuta tu, ikileta matata uiguse. Tukirudi tutaongea habari ya kuagana." Akaondoka, na manukato yake yakabaki ngazini.

Yunis alikaa. Alitaka kulia, akakataa, maana aliapa zamani kwamba hatalia tena kwa sababu ya herufi. Akafungua ukurasa, akafungua na lile dirisha la chini ambamo kivinjari humwaga malalamiko yake. Akabonyeza kitufe. Mstari mwekundu ukatokea: haiwezekani kusoma thamani ya null.

Null anaifahamu. Kila anayeandika skripti amegombana nayo. Null si sifuri, maana sifuri nayo ni jibu. Null ni kuita jina na kukuta hakuna mtu wa jina hilo. Skripti imepiga hodi, nyumba haina mtu, na yenyewe bila aibu inaendelea kuuliza, "Haya, na wewe mahari yako ni kiasi gani?" Kivinjari kikachukia, kikasimamisha kila kitu, na binti wa watu akabaki anabonyeza kitufe kilichokufa.

"Nani hayupo?" Yunis akaiuliza kompyuta kwa sauti. "Nitajie."

Mara nyingi huwa ni skripti iliyowahi. Imewekwa juu, inasomwa kabla ukurasa haujamaliza kujichora, inaita watu ambao bado wako njiani. Akaangalia. Hapana, aliiweka chini kabisa, mahali pake. Akashuku kivinjari kimeng'ang'ania nakala ya zamani kwenye kumbukumbu yake. Akaifuta kumbukumbu, akaanza upya. Mstari mwekundu uleule, unamkodolea macho. Basi akaiamuru skripti iite majina moja moja na kuonesha nani kaitika. Jina, yupo. Tarehe, yupo. Saa, yupo. Mahari: null.

Akafungua faili la ukurasa. Pale ambapo kisanduku kilitakiwa kiitwe mahari, kilikuwa kinaitwa mahali. Skripti inamwita mahari, kisanduku kinajijua kwa jina la mahali, nani aitike?

Akasogeza uso karibu na kioo. Ni mimi? Macho yaliona l, tena wazi, haikuwa na ubishi. Akakumbuka darasa la Dutumi, mwalimu ameshika meza. Labda ni kweli. Labda miaka yote hii alikuwa anajidanganya, na watu wote wanaona isipokuwa yeye. Hapo ndipo walipomfikisha wale! Msichana anayeijua kamusi nje ndani, anaanza kuogopa mkono wake mwenyewe.

Akasoma tena maneno yaliyokuwa juu ya kisanduku, kwa kunong'ona. Mahali anapotaka bibi harusi. Akarudia. Anapotaka.

Akasimama mpaka kiti kikaanguka.

Yeye aliandika "Mahari anayoitaka bibi harusi". Hilo analikumbuka, alilipima kama nguo ya sikukuu. Sasa, kama mkono wake wa Kisukuma ungeteleza, ungeteleza kwenye r peke yake. Pangeandikwa "Mahali anayoitaka". Ulimi wa Kisukuma unameza r, hauna muda wa kugeuza "anayoitaka" kuwa "anapotaka"! Hapa kuna mtu alikaa, akasoma, akaamini kwamba habari ni ya mahali, akainyoosha sentensi nzima ifuate mahali. Mtu anayekijua Kiswahili vizuri. Mtu wa pwani. Na si bosi, maana bosi hajui hata mafaili yanakaa upande gani wa kompyuta.

Mwamvita akaingia wakati huohuo na mihogo ya kukaanga kwenye gazeti, chumvi na pilipili juu.

"Haya, mjukuu wangu, Mzenga wamesemaje? Wamekuoza huko?"

"Mwamvita. Umegusa ukurasa wa Mzenga?"

Mwamvita akatabasamu. Laiti angeshtuka, laiti angekana! Alitabasamu kwa upendo, kama mtu aliyekamatwa akitoa sadaka. "Kumbe umeona? Nilikuwekea sawa kidogo ulipoondoka jana. Kulikuwa na r moja imekuponyoka. Tarehe, saa, halafu mahari. Nikasema jamani shoga angu, mahali! Nikakunyooshea na sentensi yake. Sikutaka wateja wakuone."

"Siyo mahali!" Yunis alipiga meza, mihogo ikaruka. "Ni mahali, Mwamvita! Mahali! Anayopewa mwanamke akiolewa!"

Mwamvita akamwangalia asielewe. "Si ndivyo nilivyoandika? Mahali."

Yunis alijisikia kupasuka. Ulimi wake, adui yake wa tangu utotoni, ulikuwa unamsaliti hapohapo, mbele ya ushahidi. Akanyakua kalamu ya wino mzito, akavuta gazeti lenye mihogo, akaandika pembeni kwa herufi kubwa: MAHARI. Akaipigia r mstari chini mpaka gazeti likatoboka.

"Mahari," Mwamvita akasoma polepole. Kisha akajiziba mdomo kwa kiganja. "Yarabi! Mahari ya ndoa."

"Ehe. Ndoa, Mwamvita. Ukurasa wa ndoa! Ulifikiri wanamwuliza nini?"

"Mimi nilisoma kwenye faili, sikufungua ukurasa. Nikaona tarehe, saa..." Sauti ikamwishia. "Yunis, nisamehe. Nilikuwa nakusitiri."

"Unanisitiri nini?"

Mwamvita akaanza kuokota mihogo iliyoruka.

"Tangu lini?"

"Tangu umeanza kazi hapa. Kila faili lako nalipitia kabla halijaenda kwa mteja. Natazama r na l tu, sigusi kingine. Nilikuwa naogopa watakucheka."

"Na umenikuta na makosa mangapi?"

Fundi wa chini alikuwa ameacha kukata vyuma. Mwamvita akakunjakunja pembe ya mtandio wake.

"Hili ndilo lilikuwa la kwanza," akasema.

Haya, ndugu msomaji, wewe ungefanyaje? Yunis hakumpiga wala hakumtukana. Aliketi, akamtazama tu. Wale wa Mzenga walimcheka, wakamaliza, wakaenda kula. Abdulaziz ni Abdulaziz, humtarajii neno. Lakini huyu! Huyu anayekula naye sahani moja, anayewakata wateja jicho kwa ajili yake, alikuwa kila siku anakaa nyuma yake na ufagio akisubiri uchafu uanguke. Haukuanguka, lakini hakuacha kusubiri. Na ulipopatikana wa kwanza, hata swali moja hakuuliza. "Yunis, hili ni neno gani?" Basi. Maneno matano yangetosha.

"Afadhali ungenicheka," Yunis akamwambia. "Ningekujua."

Mwamvita akaanza kulia. Yunis akamwacha alie, akageukia kompyuta. Aliirudisha mahari mahali pake, kwenye sentensi na kwenye jina la kisanduku. Halafu akaiongezea skripti sharti ambalo hakuliweka mwanzo: kabla hujamwuliza mtu kitu, hakikisha kwanza yupo, na kama hayupo taja wazi nani hayupo, usife kimyakimya. Akajaribu. Ikaenda.

"Bosi atanifukuza," Mwamvita akasema nyuma yake.

"Mimi ameshanifukuza. Mbele ya watu. Kwa kosa lako."

"Nitamwambia leo."

"Hapana. Leo utamwambia peke yake humu ndani, na Mzenga watabaki wananicheka. Utasema kulekule waliponicheka. Wewe ndiye unayewasilisha, si ndiyo? Basi utasema."

"Nitasema. Wallahi Yunis, nitasema."

Walirudi Mzenga, safari hii watatu. Watu walikuwa wengi kuliko jana, maana habari ya bibi harusi anayetaka mahali ilikuwa imelala kila nyumba. Yunis aliwaamkia wazee, shikamoo moja baada ya nyingine, na kila marahaba ilikuja na kicheko kidogo ndani yake. Akafunga waya wa projekta akakaa kwenye mkeka karibu na ukuta.

Mwamvita alisimama mbele. Aliongea vizuri, ile sauti yake ya Mlandizi inayoteleza. Alieleza ukurasa, akasoma "Mahari anayoitaka bibi harusi", na wazee wakaitikia "Sadakta!" kama vile wamesikia hotuba. Salama akaandika kwenye simu yake, akaficha kwa mkono wajomba wasione, akabonyeza. Simu ya Sheikh Mfaume ikalia mfukoni. Sheikh akasoma, akatabasamu, akairudisha mfukoni bila kumwambia mtu. Vigelegele kutoka nyuma vikatikisa bati.

"Na yule mtani wangu yuko wapi?" sheikh akauliza vilipotulia. "Binti, leo umetuletea mahari au bado unatafuta mahali?"

Wakacheka. Yunis hakumtazama sheikh. Alimtazama Mwamvita. Sasa, alimwambia kwa macho. Sema sasa.

Mwamvita akafungua mdomo. Akatazama bosi. Akaufunga. Akainama akajifanya anatengeneza waya ambao haukuwa na tatizo lolote.

Na Abdulaziz akasimama, koo amelisafisha. "Masheikh zangu, mimi nikiahidi natimiza. Kazi imenyooshwa na Mwamvita, kama mlivyoona. Huyu binti mwingine, leo ni siku yake ya mwisho kwetu. Hatuwezi kufanya kazi na mtu anayeaibisha ofisi." Kuna waliotikisa kichwa kwa huruma, lakini walikuwa bado wanatabasamu.

"Mwamvita!" Yunis alisimama. Hakupaza sauti sana, ila darasa zima lilimsikia. "Uliapa."

Mwamvita alipoinua uso machozi yalikuwa yameshateremka hadi kidevuni.

"Si yeye," akasema. "Yunis aliandika mahari. Toka mwanzo aliandika mahari, sawasawa kabisa. Mimi ndiye niliyeandika mahali. Nilifikiri amekosea kwa kuwa ni Msukuma, nikabadilisha bila kumwuliza, na ndicho kilichoua kitufe. Hana kosa hata moja. Mimi ndiye niliyekosea."

Kimya kilichoanguka hapo, ungesikia kuku wakiparua nje. Sheikh Mfaume alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Wazee walitazama mikeka yao. Kule nyuma akina mama walikuwa wamezishika kanga zao, lakini hakuna aliyeipeleka usoni. Mzaramo wa Mlandizi, aliyenyonya Kiswahili kwenye ziwa la mama yake, ameshindwa kutofautisha mahari na mahali kwenye ukurasa wa ndoa, na watu wazima wanamtazama kwa huruma kama aliyefiwa.

Abdulaziz ndiye aliyewahi kusema. Alimshika Mwamvita bega. "Basi, basi, usilie. Ni kosa dogo la kibinadamu, nani hakosei? Yaishe." Akageuka, na hapohapo tabasamu lake likapata kazi mpya. "Na Yunis, wewe unabaki. Mkataba wako tunasaini leo hii hii. Yameisha hayo, au siyo masheikh?"

"Yameisha," wakaitikia kwa sauti za chini, kila mtu akitaka jambo lipite.

Yunis alikuwa bado amesimama. Mkataba ameupata, jina lake limesafishwa mbele ya watu walewale, na hasira ilikuwa inampanda kuliko jana, kuliko Dutumi, kuliko siku zote. Akamtazama bosi, akamtazama sheikh, akawatazama wazee wa mkeka wa mbele mmoja baada ya mwingine, kisha akina mama.

"Mbona hamcheki?" akawauliza.